Rufaa ya Harub kwa Ajili ya Shimo la Shuwa

Sogezeni mito, enyi wa Amerat na wa Ghubra, zimeni simu zenu, nikusimulieni habari za Harub bin Safwan, simba wa mtaa wa juu, aliyeishtaki hukumu kwa wakubwa wake ili tu aruhusiwe kusimama penye shimo.

Ilikuwa Idi Kubwa iliyopita, shimo la mtaa mzima la shuwa, nyama ya mbuzi inayozikwa ndani ya makapu juu ya makaa, lilipofunuliwa na harufu ya bizari ikatangaa hadi msikitini, ndipo Harub na mwanyumba wake Khattab, waume wa ndugu wawili, waliposhika kapu moja la nyama. Kila mmoja aliapa ni lake, kwani mkwe wao, Bi Nasriya, alichana kanga moja akayafungia alama makapu yao yote mawili. Harub, jemadari asiyejua kurudi nyuma, akamtandika Khattab kwa kapu lile la mbuzi, Khattab akaenda chali. Polisi wakaitwa, wakaondoka na Harub mikono ikimchuruzika mafuta.

Hakimu alimhukumu kifungo cha mwezi, akakisimamisha, akamwachia chini ya uangalizi mwaka mzima kwa masharti mawili: aripoti kituoni kila wiki, na asikaribie shimo lolote la shuwa. La kwanza Harub alilipokea kiume. La pili lilimkata maini. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akilifunua shimo lile kila Idi, na alipokufa kazi ikawa ya Harub. Mwaka huu angeishika mtu mwengine, na jina la mzee lingepotea pamoja na moshi.

Basi akakata rufaa. Siku ya vita alivaa dishdasha iliyopigwa pasi hata ikakaribia kusimama peke yake, akapanda mbele ya majaji watatu. Wakili wake, Noof, alikuwa na hoja fupi, lakini shujaa akamtangulia kwa Kiarabu cha vitabuni, kikamwishia njiani, akamalizia kwa Kiswahili cha nyumbani huku Noof akimfasiria.

"Waheshimiwa, kosa nnalikubali. Nimempiga mwanyumba wangu, na kituoni nnakwenda mpaka askari wananiuliza hali za watoto. Lakini shimo sijalipiga. Nizuieni nisimguse Khattab, msinizuie kazi ya baba yangu."

Majaji wakanong'onezana. "Sharti lifuate kosa," akatamka mkubwa wao, "na kosa lilikuwa juu ya mtu. Mrufani atalikaribia shimo, ilimradi Khattab awepo na awe ameridhia."

Loo, ushindi gani huo! Majaji watatu walikuwa wepesi kuliko mlango mmoja wa Ghubra, mlango wa Khattab. Harub alikwenda kwake na kilo mbili za halua, akanywa kahawa, akashindwa kuanza.

"Kifua kinaniuma bado nikicheka," akasema Khattab. "Ungekuja kuniomba radhi mapema, usingehitaji mahakama."

"Nna haya, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ntakuja. Ila ntasimama ng'ambo ya pili ya shimo."

Na Idi ilipofika, alisimama huko. Mbele ya mtaa mzima Harub akafukua udongo, akapiga bismillahi, akaliinua bati lililofunika shimo. Wazee, bila ya kukumbushwa na mtu, wakasema kwa pamoja, "Mungu amrehemu Safwan." Iandikwe, basi, katika tarikhi za falme na vita, kwamba asubuhi hiyo bati liliinuliwa na mwanawe.