Shika Fundi, Usiachie

Aroni aliliona lile gari, Noah nyeupe, akiwa bado mbali. Imepaki pembeni ya lami pale Igawa, nyuma magunia ya mchele mpaka darini, na kwenye siti ya dereva mama mmoja anatafuna karanga, redio juu. Yuko peke yake. Aroni akaegesha Boxa yake nyekundu, pikipiki ambayo ndo mke, ndo shamba, ndo mali yake yote hapa duniani, akajipaka grisi mikononi. Fundi msafi nani atamwamini?

"Shikamoo mama. Hivi umetoka Rujewa na hizi breki?"

"Marahaba. Zina nini?"

"Zima gari. Kanyaga pedali mara tatu, kaza hapohapo. Sasa washa."

Injini ikanguruma, pedali ikazama kidogo chini ya kandambili.

"Umeona? Laini. Kule mteremko wa Inyala, mama yangu, tungekusikia kwenye matangazo ya vifo."

Tuelewane hapa. Kila gari zima linafanya hivyo likiwashwa, ndo dalili breki ziko fiti. Aroni alikuwa anaishi mjini kwa migongo ya wasiojua.

"Tunafanyaje fundi?" akauliza yule mama, jina lake Ikupa.

"Tunatoa hewa kwenye mabomba. Hela sitaki. Nipe gunia moja la mchele."

Ikupa akageuka akayaangalia magunia. "Chukua hata mawili."

Mawili. Aroni akaziona mbingu zinafunguka na malaika wanapika pilau.

Sasa kutoa hewa ni kazi ya wawili. Mmoja anakanyaga, mwenzake yuko kwenye gurudumu anafungua kanati, ile nati ndogo ya bomba, hewa itoke. Wa pedali akiachia kabla kanati hakajafungwa, hewa inarudi yote. Aroni alimweleza mara mbili, kwa sauti ya mchungaji.

"Goti langu bovu," Ikupa akasema. "Kanyaga wewe, kanati nitafungua mimi."

Aroni akampa spana, akamwonyesha pa kufungua, akapanda kwenye siti ya dereva.

"Pampu fundi," sauti ikatoka nyuma. "Pampu tena. Haya, shika."

Mguu wa Aroni ukaenda na pedali mpaka chini kabisa.

"Funga mama."

"Kametoka kote, mafuta ya breki yanamwagika. Usiachie."

"Siachii. Karudishe."

"Nitakarudisha, ila mafuta yamekwisha. Nifuate mengine dukani? Kwa mguu ni mbali. Pikipiki naiweza."

Mtu anakuachia gari na mchele wote, wasiwasi wa nini? Aroni akatoa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndaga fundi," Ikupa akashukuru. Boxa ikawaka kwa kiki moja ya mama mwenye goti bovu.

Nusu saa ikapita, mguu ukafa ganzi. Wazo la kukimbia na gari lilimjia, ila gari lenyewe halina breki. Ndo mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, fimbo ya ng'ombe mkononi, kijiti cha meno mdomoni.

"We nani?"

"Fundi. Usiniguse mzee, hewa itaingia."

"Kwenye gari langu?"

"La mama Ikupa."

"Yule nimempa lifti tu. Nimemwachia redio, nikaenda kula."

Aroni akaachia pedali.

Mzee Shigela hakugombana. Alimsindikiza Aroni dukani na fimbo, Aroni akanunua mafuta kwa hela yake, kazi ikaanza upya, safari hii mzee kwenye pedali. Magurudumu matatu yakatolewa hewa kihalali. La nne, la mbele kushoto, Aroni akalifuta tu kwa kitambaa, akasema tayari. Mkono ulishazoea.

"Vizuri," Shigela akasema. "Panda mbele. Breki zako tutazijaribu wote mpaka Mbeya."

Walikuwa wanashuka Inyala, nyuma ya lori la mbolea, Aroni alipoiona. Boxa nyekundu, pembeni ya barabara, na Ikupa juu yake anachagua viazi.

"Simama mzee. Pikipiki yangu ile pale."

"Hapa kwenye mteremko?" Shigela akauweka mguu juu ya pedali, akamgeukia. "Fundi ni wewe. Nikanyage yote?"

Gari likaisogelea Boxa mpaka ikawa usawa wa dirisha. Ikupa akawapungia mkono. Aroni akalitazama lori, akalifikiria lile gurudumu la mbele kushoto alilolifuta tu.

"Hapana mzee," akasema. "Shuka na gia tu."