Rangi ya Chungwa Kwenye Shavu la Dola

Jumatatu, 6 Novemba

Siku yangu! Hatimaye! Bi Verna Teske kanikabidhi dola yake ya fedha. Mimi, Lyle Brandvold, si Gordy! Tena mbele ya chama kizima cha wakusanya sarafu wa mji wetu wa Manitowoc, kwenye chumba cha chini cha kanisa, kahawa ikiwa bado ya moto. Ya moto kweli, maana nilipoinuka kujitolea niliimwaga yote kwenye mapaja ya mweka hazina. Si kitu. Aliyeinuka wa kwanza ni mimi.

Habari yenyewe ni hii. Macho ya Bi Verna yanamwishia. Katikati kumeingia giza, anaona kwa pembeni tu. Dola hiyo marehemu mumewe, Harlan, alimpa walipochumbiana. Kabla ya hapo ililala miaka na miaka ndani ya mfuko wa turubai wa benki, kitambaa kikaipaka rangi upande mmoja. Dhahabu, buluu, kijani, na sijui nini tena. Jumamosi, siku ya maonyesho yetu, anampa mjukuu wake Bryce anayeoa, naye ataondoka nayo jioni hiyohiyo kwenda kwake Arizona. Bi Verna atabaki na picha tu. Anataka picha kubwa ya kutundika jikoni, aione kwa yale macho ya pembeni. Kasema anaitaka ilivyo. Isizidi, isipungue.

Gordy Szymanski, daktari wa meno mstaafu, mtu aliyepiga picha magego ya mji mzima na sasa anajiona bingwa wa kamera, akakohoa. Akaniuliza kama kioo ninacho. Nikamjibu ninacho, cha kunyolea ndevu. Watu wakacheka sana. Nadhani walimcheka yeye.

Bi Verna alinishika mkono aliponipa. Mkono wa joto. Nikarudi nyumbani nikiendesha polepole, na taa zote za barabarani zikanipa kijani.

Jumanne, 7 Novemba

Meza karibu na dirisha. Kitambaa cheusi. Sarafu juu yake. Kamera juu ya miguu yake mitatu. Kli!

Nyeusi tii! Kama kifuniko cha gudulia la achari!

Ukiishika mkononi na kuigeuzageuza, rangi zinaamka. Ukiilaza chali mbele ya kamera, nazo zinalala. Nimeiinamisha kwa kipande cha kifutio. Rangi zikaja, lakini uso wa bibi aliyechongwa kwenye sarafu ukatoka nusu, pua safi, kisogo ukungu mtupu.

Nikasema niitazame kwanza, niizoee. Nikainamisha kidogo. Loo! Buluu ikachomoza nyuma ya sikio lake, ikatambaa taratibu mpaka shingoni. Buluu ya ziwa asubuhi ile barafu inapoachia. Nikajikuta nimo humo. Maji hayana wimbi. Bi Verna amekaa mbele yangu na skafu kichwani, macho yake mazima, ananionyesha kitu mbali na kucheka, na mimi namwambia nakiona, ingawa sikioni. Gordy hayupo. Hapakuwa na Gordy dunia nzima.

Darlene, dada yangu, akaja kunigonga bega. Supu imepoa, na jua nalo limeshaondoka dirishani. Akauliza nimepiga picha ngapi. Nikamwambia kazi imeanza vizuri.

Jumatano, 8 Novemba

Nimejaribu taa ya jikoni. Picha zote njano kama siagi. Kumbe kamera lazima iambiwe taa ni ya aina gani, yenyewe inadhani kila taa ni jua. Nikaiambia. Sasa bibi wa watu katoka rangi ya samawati, kama maiti aliyeopolewa ziwani.

Halafu balaa. Nimeingia chooni kidogo tu. Natoka, nakuta Darlene kaishika sarafu mkono mmoja, na mkono wa pili ana kitambaa na ile krimu yake ya kung'arishia vijiko vya fedha! Mungu wangu! Nilipiga yowe mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Angesugua mara moja tu, rangi zote zingekwenda na maji, na jina langu lingefuata.

Darlene kanuna. Kasema kaona pesa ina kutu, kataka kunisaidia, na huu ndio upuuzi uliomfanya mke wangu akimbilie Minnesota. Nikamwambia mambo ya Minnesota hayaingii hapa. Akasema basi toka jikoni kwangu na uchafu wako! Nimehamishiwa gereji.

Alhamisi, 9 Novemba

Gereji ina baridi ya kukata masikio. Nimevaa koti langu la kuwindia kulungu, lile la rangi ya chungwa inayowaka, tunalovaa wote msituni ili jirani asikutie risasi akidhani una pembe. Nikawasha taa mbili. Nikaiinamia sarafu. Nikachungulia kwenye kamera.

Sijui niandikeje.

Shavuni mwa yule bibi palikuwa na rangi ya chungwa. Laini, yenye joto, inayeyukia kwenye dhahabu. Maisha yangu yote nimefanya kazi kiwanda cha jibini la rangi ya chungwa, rangi ile naijua, ndiyo rangi ya kila kitu kizuri kilichowahi kunipata. Nikasimama pale kama niliyeitwa jina. Baridi sikuisikia tena. Kli, kli, kli.

Na sikuitia juisi! Kwetu chamani, mtu akizidisha rangi kwa kompyuta tunasema kaitia juisi picha yake, na huyo hata salamu hapewi. Mimi sijagusa kitu. Kilichokuwepo ndicho kilichoingia.

Nimepeleka dukani ikuzwe, iwe na upana wa sinia. Msichana wa kaunta akauliza kama ni piza. Nimemsamehe, bado mdogo.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimeichukua picha. Ni kubwa! Ni nzuri! Nikaenda nayo baa, kwenye samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Darlene akiwa foleni, nikakaa dirishani nikaitoa sarafu, nizifurahie zote mbili pamoja.

Dhahabu ipo. Buluu ipo. Kijani kipo.

Chungwa hamna!

Nikaigeuza huku. Nikaigeuza kule. Wapi! Kwanza nikahisi Gordy. Halafu nikakumbuka Gordy hajaisogelea. Nikaishiwa nguvu kabisa. Hata kula sikuweza, nilikula samaki wangu na wa Darlene tu.

Nimefika nyumbani, nikavaa lile koti la kuwindia nikazime taa ya gereji, nikajaribu mara ya mwisho. Chungwa hilo hapo! Nikavua koti, limekwenda. Nikavaa, limerudi. Kumbe ni mimi! Koti langu ndilo lililojitazama kwenye fedha kama kwenye kioo!

Darlene kasema dawa ni ndogo: nivae nguo nyeusi, nipige nyingine, muda upo. Huyu hana hisia za kisanii. Picha imeshakuzwa. Picha imeshatokea! Nimeitazama tena na tena, na kila nikiitazama naona kwamba ile picha haina kosa. Kama kuna anayepungukiwa, ni sarafu. Basi kesho nitaisaidia sarafu. Nitavaa koti na kusimama kando ya meza. Vitafanana kabisa. Usahihi ni usahihi.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika nikiwa nimechoka, lakini lazima niandike.

Desturi yetu ya maonyesho, palepale kanisani, ni hii. Picha na sarafu huwekwa meza moja chini ya taa. Mwanachama anakaa, anaishika sarafu kwa ukingo, anaigeuza, anatazama picha. Akiona vinafanana, anasema kwa sauti, "Ndiyo yenyewe!" Asipoona, hasemi ubaya. Anainuka, anachukua donati, anazungumzia hali ya hewa. Kuna watu wamehama chama kwa sababu ya kuambiwa upepo umegeuka.

Nikasimama na koti langu, nimeinamia meza kama mti uliopigwa na dhoruba. Wakaniuliza ninakwenda kuwinda wapi na msimu haujafunguliwa. Nikasema nalizoea koti. Katibu akakaa, akageuza, akasema ndiyo yenyewe! Mweka hazina, ambaye mapaja bado yanamwasha, akanuna, akageuza, akasema ndiyo yenyewe! Jasho linanitiririka mgongoni. Moyo unaimba.

Akaja Gordy. Akageuza. Akanitazama. Akaniomba nikamletee donati ya jemu. Nikamwambia miguu anayo. Akasema ana goti bovu, we bwana mdogo. Nikasema hata mimi. Basi akainuka na taa na kiti, akahamia upande wa pili wa meza. Nikamfuata. Akahama tena. Nikamfuata tena. Tukaizunguka ile meza, yeye na goti lake, mimi na koti langu, mpaka mchungaji akauliza kama huo ni mchezo na yeye acheze.

Hapo ndipo Bi Verna alipoingia, kashikwa mkono na Bryce.

Akakaa. Akageuza kichwa pembeni, ili lile jicho zuri liifikie picha. Kidole chake kikaanza kutembea. Hapa dhahabu, akasema, sawa. Hapa kijani. Hapa buluu, buluu ya Harlan. Kikafika shavuni. Kikasimama.

Akaniuliza hii ni nini. Nikasema chungwa, Bi Verna. Akasema hapo palikuwa na waridi. Hafifu sana, ile unayoiona halafu unajiuliza kama kweli umeiona. Kila mwaka siku yao ya ndoa, Harlan alikuwa anaitoa sarafu, anaigeuza chini ya taa ya jikoni na kumuuliza, "Bado ipo?" Na yeye anajibu, "Bado ipo." Akaitafuta tena ile waridi kwa kidole, pole pole, huku na huku. Halafu akaurudisha mkono mapajani.

"Mwaka huu," akasema, "baridi imewahi kweli."

Nilikwenda palipotundikwa makoti nikalia. Naandika wazi, nililia. Nimekaa na sarafu ile wiki nzima na waridi sikuwahi kuiona. Na Bryce alikuwa ameshaanza kutazama saa.

Gordy akanifuata. Amebeba kipande cha kioo cha dirisha na sweta nyeusi. Akasema, "Vua hilo koti, kiazi wewe, twende." Akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza. Sarafu inalala chali. Kioo kinainamishwa juu yake. Taa inapiga kioo kutoka ubavuni, mwanga unageuka na kushuka wima kwenye fedha, kisha unapanda tena na kupita kwenye kioo mpaka kamera. Hivyo sarafu imelala, lakini rangi zote ziko macho. Mimi nishike kioo. Nisipumue. Nikashika. Sikupumua mpaka nikaona nyota.

Gordy akabonyeza kamera, na picha tukaiweka kwenye ile televisheni kubwa ya kanisa, inayoonyesha maneno ya nyimbo. Ikajaa ukuta mzima. Na shavuni, Mungu wangu, ilikuwepo. Hafifu. Ukiikodolea inakimbia, ukitazama kando inarudi.

Bi Verna akageuza kichwa pembeni. Akaweka mkono mdomoni. Hakuna mtu aliyegusa donati.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akasema chini chini, si kwetu, "Bado ipo."

Bryce akaiweka sarafu mfukoni, akambusu bibi yake, akaondoka.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya ibada tulikwenda kwa Bi Verna kuitundika picha mpya, tuliyoikuza dukani jana jioni. Gordy kapigilia msumari. Bi Verna kavuta kiti, kakaa upande upande kuielekea, na kutukatia keki akiwa palepale. Kila mara anasahau anachosema na kutabasamu. Kasema nilimfanyia jambo kubwa. Nataka ieleweke kwamba kioo nilikishika mimi. Bila mshikaji kioo huanguka. Picha ile, ukiitafakari kwa haki, kwa sehemu kubwa ni yangu.

Gordy keshokutwa anakwenda Florida kukimbia theluji. Alipotoka, Bi Verna akafungua droo, akanitolea nusu dola aliyopewa na Harlan siku alipozaliwa binti yao. Anaitaka nayo ukutani, kando ya ile. Nyeupe. Haina rangi hata chembe, kama imetoka kiwandani leo. Akanishika mkono, ule mkono wa joto, akasema Lyle, nimejua sasa wewe ni mtu wa kweli, nipigie ilivyo. Nikaapa. Machozi yalinilenga nikiapa.

Sasa nimekaa nayo dirishani. Nyeupe pepe! Uso mzima! Mwanamke mjane, picha moja ina bustani nzima, ya pili kama sahani ya hospitali. Harlan mwenyewe asingekubali. Nimeiinamisha kidogo kuelekea ziwani. Nikaiacha itulie. Nikatulia nayo. Na pale ukingoni, chini ya bawa la tai aliyechongwa juu yake, nimeanza kuona buluu. Kidogo tu. Inakuja.

Darlene kapita, katazama, kasema ni nyeupe, na kwamba mapazia mapya aliyotundika juzi kwenye dirisha hili ni ya buluu. Simsikilizi. Kama mimi naiona, ipo.