Siku Emmaculate Mideva Alipoyafunua Majina Sitini na Matatu

Njooni, enyi makarani wa Eldoret, nanyi mnaokaa nyuma ya madirisha ya ofisi mkipuliza chai. Wekeni chini mihuri yenu, sogezeni viti, tegeni masikio. Nawasimulia vita vilivyopiganwa Jumanne asubuhi kwenye ghorofa ya pili, katika ofisi ya chama cha ushirika cha wafugaji, vita visivyomwaga chochote ila nusu kikombe cha chai, vilivyoshindwa kwa silaha moja tu, nayo ni kidole cha shahada cha mwanamke.

Mwanamke huyo ndiye Emmaculate Mideva, binti wa Vihiga, mkaazi wa Huruma, karani wa miaka tisa, mfugaji wa printa kaidi, mtuliza wakulima, ajuaye majina ya wanachama wote na ya ng'ombe wao wengi. Aliyemtawala alikuwa Bwana Wabuge, meneja, mwenye kiti kizungukacho.

Mwaka uliotangulia, tangazo la chama lilitumwa kwa imeli kila mtu akiiona anwani ya mwenzake. Mkulima mmoja wa kule Turbo akawajibu wote kuhusu kiwele cha ng'ombe wake kilichovimba, na kwa wiki tatu watu sitini na watatu wakashauriana dawa, wakatukanana, wakaombeana. Ndipo Wabuge alipopiga meza akanena, "Kuanzia leo, majina yote yafichwe!" Mideva akatii. Kila tangazo alilituma kwa anwani yake mwenyewe, na wanachama akawapanga kwa alfabeti katika safu ya BCC, ile ambayo aliyeandikwa humo hupata barua lakini hamwoni mwenzake.

Basi Jumamosi ukafanyika mkutano mkuu wa mwaka, na Jumanne, saa nne na nusu, ngazi zikatetemeka. Alipanda Mzee Kipkorir wa eneo la Ziwa, mwalimu mkuu mstaafu, mjumbe wa kamati kwa miaka kumi na miwili, ambaye hakuhudhuria, na kiti chake kikapewa mwingine.

"Meneja!" akanguruma, fimbo ikigonga sakafu. "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Hata mtoto mtoro haandikwi mtoro kabla jina lake halijaitwa. Mimi sikuitwa! Sikupata imeli yoyote. Mkutano wenu ni batili, na kesho asubuhi nitakuwa kwa afisa wa ushirika!"

Wabuge akasimama. Naye alikuwa na sababu yake ya kupaza sauti, maana Jumamosi hiyo hiyo hakuonekana mkutanoni. Alikuwa Bungoma kwa sherehe za shemeji yake, na bodi ilipomuuliza, alijibu kwamba hakuarifiwa.

"Mzee, hata mimi niliachwa gizani! Huyu karani hakumtumia mtu barua. Mideva, ikifika saa sita nataka barua hapa mezani, unieleze kwa nini nisikufute kazi."

Miaka tisa, na hakuna siku hata moja aliyochelewa!

"Bosi, nilituma," akasema. "Wiki mbili kabla ya mkutano. Na ni wewe uliniambia nifiche majina."

"Fungua tuone!"

Mideva akaingia katika ghala la barua zilizotumwa. Barua ilikuwemo, tarehe ilikuwemo, ajenda ilikuwemo; lakini pale panapotajwa mpokeaji paliandikwa maneno mawili tu, mafupi kama hukumu: *kwa: mimi*.

"Ulijialika mwenyewe!" Wabuge akacheka kicheko cha mtu aliyeokoka. Joyline, mpokea wageni, akashtuka, na hapo ndipo ile nusu kikombe ilipomwagika.

Akaitwa Dennis, fundi wa kompyuta, mganga wa nyaya. Akakunja mikono, akaitazama skrini kama daktari atazamavyo maiti. "Madam, BCC ni kama maziwa yakishamwagika. Ikienda imeenda. Hata walioitengeneza hawawezi kuona." Akachukua mandazi mezani kwa Joyline, akaondoka.

Saa tano na nusu. Joyline akamshika bega, akanong'ona, "Andika tu barua, dada. Omba msamaha, yaishe."

"Niombe msamaha wa nini?" Mideva akauliza, na sauti yake ikarudi kutoka ilikokuwa. "Wanaofichwa ni waliotumiwa. Mimi ndiye nilituma. Nitafichwaje nilichoandika mwenyewe?"

Akainama, akaikagua barua neno kwa neno, kama achaguaye mchele. Na tazama! Kando ya neno *mimi* palikuwa na mshale mdogo ukielekea chini, mdogo kuliko jicho la kifaranga, ambao kwa miaka tisa hakuwahi kuugusa. Kidole kikapaa. Kidole kikatua.

Majina yakafunguka kama lango la zizi alfajiri.

"Mzee, naomba nisome," akasema, akaanza. Akamsoma Apiyo, akamsoma Chebet, na waliofuata, hata akafika: "Kipkorir, wa Ziwa."

Mzee akavaa miwani, akaisoma anwani herufi kwa herufi. "Hiyo ni yangu," akasema polepole. "Msichana wangu Jeruto aliniwekea kwa simu. Kuna kitu chekundu chenye namba pale. Nilidhani ni moto wa betri."

"Basi!" Wabuge akaruka, mkono ukikimbilia skrini. "Mzee ameridhika. Funga hiyo kitu turudi kazini."

Mideva alijua nani analala mwisho wa orodha. Angeweza kunyamaza. Akayatazama macho ya bosi wake, akaona kwamba naye anajua.

"Bado, bosi. Sijamaliza."

"Nimesema inatosha!"

Ndipo fimbo ya Mzee ilipogonga sakafu. "Meneja, rejista husomwa mpaka jina la mwisho. Endelea, mama."

Akaendelea. Mulongo, Nasike, Nekesa. Kwa kila herufi Wabuge akalegeza tai. Okumu. Rael.

"La sitini na tatu," akasema Mideva. "Wabuge. Meneja."

"Network ya Bungoma..." Wabuge akaanza.

"Wiki mbili kabla, bosi. Ulikuwa hapa hapa ofisini."

Mzee akamwangalia meneja kama alivyowaangalia watoro kwa miaka thelathini na minne. "Kumbe tulikuwa wawili tusiofungua barua. Lakini mimi sikumsingizia mtu nikijua." Kisha akavua kofia mbele ya karani. "Mama, nimekuja na hukumu kabla ya kesi. Unisamehe."

"Si neno, Mzee. Leta simu nikuonyeshe."

Wabuge akaingia ofisini mwake, akaufunga mlango taratibu, jambo lisilowahi kushuhudiwa. Saa sita ikapiga, na hakuna barua iliyoandikwa. Mideva na Mzee walikaa bega kwa bega mbele ya imeli mia nne na kumi na mbili ambazo hazijafunguliwa.

Na iandikwe basi, wajukuu wasome: mji huu umewatoa wakimbiaji waliowaacha nyuma watu wa mataifa yote, nao wamepokewa kwa maziwa na vigelegele. Lakini yuko mmoja, wa Huruma, aliyeambiwa simama kwenye herufi ya K, akaendelea mpaka W.