Vitunguu Vitano na Kiti cha Amani

Jumatatu, 4 Mei
Safari ya msitu wa Amani! Maabara ya watafiti! Nafasi moja tu kwa darasa zima. Mwalimu Rukia kasema ataipata atakayemwonyesha Ijumaa, kwenye hadubini, hatua zote nne za mgawanyiko wa seli: profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Tuoteshe mizizi ya kitunguu. Nafasi ni yangu, Alen! Jirani yangu Eliza kaweka kitunguu kimoja juu ya glasi ya maji. Kimoja! Mimi nimeweka vitano.

Jumatano, 6 Mei
Mizizi! Myeupe, mirefu kama kucha za Bibi! Eliza kapita kwetu, eti kuomba chumvi. Kaviangalia vitunguu vyangu mno. Hanipati! Nimevihamishia jikoni, nikamkabidhi Bibi. Kapeleka mboga sokoni Lukozi miaka arobaini, mlinzi gani atamzidi? Nimemwambia avitunze kama vya sokoni.

Alhamisi, 7 Mei
Nimekwisha! Bibi kavitunza. Kavitoa maganda makavu, kavifuta, kaikata mizizi yote kwa kisu. Anasema kitunguu chenye ndevu ni aibu, wachuuzi wangemcheka. Anangoja shukrani. Nimemshukuru, ningefanyaje? Seli hugawanyika kwenye ncha ya mzizi, na ncha zote kapewa mbuzi. Vimebaki visiki tu. Lakini visiki navyo ni mizizi. Mwalimu hatajua!

Ijumaa, 8 Mei
Kajua. Seli zangu zimetulia tuli, hakuna hata moja inayogawanyika. Nikamwambia zimepigwa na baridi. Darasa likaangua kicheko. Nafasi kapata Eliza. Uchungu! Nikachungulia hadubini yake nimtafutie kasoro. Lo! Kromosomu zimejipanga katikati, na kwenye seli ya pili zinavutwa huku na huku! Nikapiga kelele, anafezi, anafezi! Nilisahau kumchukia Eliza kwa dakika nzima. Mwalimu akacheka, akasema gari bado lina kiti kimoja: nikileta hatua zote nne Ijumaa ijayo, nakwenda.

Jumamosi, 9 Mei
Kiti! Nimekwisha gundua nilipokosea: vitunguu vilikuwa vichache. Leo nimeweka kumi. Eliza kanishauri nikavifiche kwao. Mjanja huyo, simpi! Nimemkabidhi Bibi tena, nikamsisitizia kwamba safari hii avitunze mara mbili ya mwanzo. Kafurahi sana. Kaenda kunoa kisu.