Karavani ya Mutie Yazunguka Ukambani

Jumatatu, 8 Desemba 1986. Tawa.

Karavani imekwisha! Miezi minne ya randa na misumari. Chini ni trela ya kubebea pamba, juu ni nyumba ya mbao yenye paa la mabati, vitanda viwili, dirisha mbele na mlango nyuma. Mlango ni wa mvule. Mtu mwenye macho atajua huu ni mkono wa Mutie, fundi wa Tawa. Wazo lilinijia Agosti pale Kiboko. Nilimwona mzungu amekaa mbele ya nyumba kama hii anasoma gazeti, watoto wake wanacheza mchangani. Nikasema na mimi nitakaa hivyo.

Kavata, mke wangu, hana furaha. Jumapili mama yake atakata utepe wa kanisa jipya kule Kabati, na gauni atakalovaa limeshonwa na Kavata. Liko kwenye sanduku letu. Anasema basi la Machakos litatufikisha kwa siku moja. Nimemweleza tutapita Wote, Kiboko, Kibwezi, Mutomo na Kitui, watoto waone Ukambani yote. Tuna siku sita nzima! Akajibu polepole kwamba tukikosa Jumapili, atabaki kwa mama yake na watoto wote watatu mpaka nimfuate na wazee na mbuzi wa faini. Kavata akipiga kelele siogopi. Akisema polepole naogopa.

Sababu yenyewe sijamwambia. Mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni: hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja. Miaka tisa nikienda Kabati nalazwa ghalani na mbuzi. Mulei, mume wa dada yake Kavata, ana Peugeot, kwa hiyo huja, hula, hurudi kulala kwake. Sasa na mimi nitalala kitandani kwangu, katikati ya boma, watu wakiona! Mulei amepita jioni akasema karavani inafanana na choo cha shule. Wivu tu.

Jumanne, 9 Desemba. Wote.

Tumeondoka kwa shangwe. Land Rover niliyoazima ilivuta vizuri mpaka mlima wa kwanza. Familia nzima ikashuka kusukuma, Kavata akiwa na kitindamimba wetu Kisilu mgongoni. Mimi nilishika usukani, lazima mtu ashike. Kalunde, mtoto wa pili, ametapika mara mbili. Ndululu, ambaye ana miaka minane na angepaswa kuwa na akili, ameuliza mara kumi na saba kama tumefika.

Vitanda nilipima kwa kulala mwenyewe, nikasahau kuna watu wengine. Watano hatuenei. Usiku nilikaa kwenye ndoo.

Jumatano, 10 Desemba. Kiboko.

Mahali pazuri! Miti, maji, kivuli. Nimeegesha karibu na ua wa kituo cha utafiti, nikatoa kiti, nikafungua gazeti la mwezi uliopita. Magari ya barabara kuu yalipunguza mwendo kututazama. Dereva mmoja wa lori alipiga honi. Hii ndiyo siku niliyoingoja.

Kunde zilikuwa zimejiotea pale kando ya ua, changa, kijani kabisa. Nikawatuma Ndululu na Kalunde wachume majani. Kavata aliuliza ni za nani. Nikamwambia za Mungu. Tukala na ugali mpaka tukalegea.

Alhamisi, 11 Desemba. Bado Kiboko.

Hazikuwa za Mungu. Zilikuwa za Daktari Gachanja, mtafiti, mtu mpole mwenye miwani. Amekuja asubuhi akasimama mbele ya kunde zake kama mtu aliyefiwa. Akasema majani si neno, yataota tena. Vibao je? Kila mstari ulikuwa na kibao cha bati chenye namba, aina thelathini na mbili za kunde. Kalunde alikuwa amevikusanya vyote, akavifanya watoto wake wa kuchezea. Sasa hakuna anayejua kunde ipi ni ipi.

Nilitaka kuondoka kwa heshima na haraka. Kavata akamwambia Daktari kwamba mume wake ni fundi, na milango ya stoo zake imelegea. Nimetengeneza milango saba mpaka jua likatua. Kalunde amelia kwa sababu watoto wake wamechukuliwa. Siku imepotea. Nimeanza kuhesabu siku kwa vidole.

Ijumaa, 12 Desemba. Mtoni, kabla ya Mutomo.

Sikukuu ya Jamhuri, na sisi tumekwama. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mzee Kiema, mwenye shamba pale ukingoni, alisema nisubiri, mvua imenyesha juu. Nikatazama mbingu: safi kabisa. Nikaingia. Magurudumu yakazama, na maji yakaja kwenye magoti nikiwa bado namweleza Kavata kwamba hayaji.

Kavata haongei nami. Anamtuma Ndululu: mama anasema sanduku la gauni liko kichwani kwake, na likilowa, mbuzi watakuwa wawili. Asi!

Mzee Kiema ametuvuta kwa ng'ombe wanne. Asante hakutaka. Aliutaka mlango wa mvule. Nimeubandua mwenyewe. Mahali pake tumetundika leso ya Kavata.

Jumamosi, 13 Desemba. Kabati.

Tumefika! Jioni, mvua ikinyesha, lakini tumefika, na gauni ni kavu. Nilipoliona boma nilitaka kulia. Nimeegesha katikati kabisa, kisha nikajificha nyuma ya Land Rover kama inavyotakiwa, ili mama mkwe aende kukumbatia wajukuu wake bila kuniona.

Nyumba yake ilikuwa imejaa wageni wa kanisa. Nikasikia Kavata akimwonyesha karavani. Nikasikia mama mkwe akiisifu randa. Moyo ulinijaa! Akasema atajaribu kitanda kidogo tu. Halafu nikasikia anakoroma.

Siwezi kumwamsha. Siwezi kuingia. Na hilo si kubwa: kwa nthoni, kitanda alicholalia mama mkwe, mimi sikikalii tena mpaka nife. Miezi minne nimemjengea mama mkwe nyumba, nikamvutia mpaka mlangoni kwake!

Nimelazwa ghalani na mbuzi. Afadhali Mulei naye, Peugeot imezama kwenye tope. Amelala miguu yake mbavuni mwangu.

Jumapili, 14 Desemba. Kabati.

Naandika yote, nisisahau hata moja.

Tope lilikuwa mpaka vifundoni. Nikapata wazo: mama mkwe akae karavanini na gauni lake, nimvute, kisha nirudi kinyumenyume mpaka mlango wa kanisa, ashuke bila kuchafuka. Mulei alikuwa anafuta tope viatuni. Hana mawazo.

Lakini mama mkwe alikaa dirishani, na uso wake ulijaa kwenye kioo changu cha kuonea nyuma. Nthoni! Nikakigeuza kioo kitazame juu. Nikarudi nyuma nikifuata sauti za watu. Walikuwa wanapiga kelele, nikadhani ni vigelegele.

Karavani ilimpita pasta, ikafika kwenye utepe, ikausukuma. Kama mlango ungekuwepo, utepe ungekatika wenyewe na aibu ingekuwa ya kizazi. Lakini mlango uko kwa Mzee Kiema! Utepe ulivutika mbele ya uwazi, mama mkwe akafunua leso, akauona kifuani pake. Mkasi alikuwa nao mkononi. Akakata.

Kisha karavani ikaingia mlangoni mwa kanisa ikakwama, kama kizibo. Mama mkwe akashuka moja kwa moja ndani, gauni safi, mtu pekee aliyepita mlangoni siku ile. Waumini wote waliingia kwa madirisha. Pasta alisukumwa na Mulei.

Nilimtafuta Kavata nikiwa tayari kwa lolote. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, leso mdomoni, anacheka mpaka machozi. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yetu. Nilikaa karibu naye nikacheka pia, nikiogopa kidogo.

Jumatatu, 15 Desemba. Machakos, njiani kurudi.

Kavata amepanda mbele, pembeni yangu. Watoto wako nyuma. Mama mkwe amepeleka maneno kupitia kwake: mbuzi nibaki naye, na karavani atabaki nayo, anapenda kupumzika humo mchana. Moyo wangu umetulia. Niliogopa sana ile Jumapili.

Njia hii ya Machakos ni fupi mno. Saa chache tu na hujaona kitu. Wakati wanakula chapati nimechora karavani mpya: ya ghorofa. Chini mama mkwe, juu sisi. Tutampeleka Mombasa kwa kupitia Garissa. Kavata ameuliza ni mkwe gani anayelala juu ya kichwa cha mama mkwe, tena chini ya paa moja.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nitaweka mapaa mawili.

Kavata ameshuka. Anamwuliza kondakta wa basi la Tawa kama kuna nafasi ya watu wanne.