Sufuria Yaelekea Langoni

Jumatatu, 3 Juni
Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: gari letu lote nimelipima kwa rula ya shule. Sentimita thelathini, na kona moja imemegeka. Seremala jirani ana futi nzuri ya kuvuta. Lakini kuomba futi ni kubisha hodi, na anayefungua mlango ni binti yake, ninayesoma naye darasa moja. Nilibisha mara moja tu. Alipofungua nikamuuliza saa ngapi, nikatimua mbio.

Leo mjomba ametoa amri. Miaka miwili tunalijenga hapa uani, mimi na yeye, na mama amechoka kuanika nguo kwenye boneti. Jumamosi litoke lenyewe liende maonyesho ya shule. Likishindwa, mnunuzi wa vyuma chakavu alichukue. Binamu, anayeliita Sufuria, ameuliza kama mfuniko wake uko tayari.

Atakoma. Nitaliwekea magurudumu makubwa!

Jumanne, 4 Juni
Magurudumu ya pikapu yamefika! Fundi matairi amenipa, nami nitamfundisha mwanawe hesabu mwezi mzima. Gari likiwa juu ya jeki yaliingia vizuri, yakazunguka kama feni. Nikashusha jeki. Kraa! Madigadi ya kukingia matope yakayakalia matairi kama kuku aliyelalia mayai. Kumbe gari likishuka, bodi nayo inashuka. Kitabu changu cha ufundi wa magari kinaeleza hivyo, ila kwenye ukurasa wa mbele zaidi. Sikuwa nimeufikia.

Alhamisi, 6 Juni
Madigadi ya zamani nimeyakata. Mapya nimeyapata kwenye pipa la plastiki la buluu: pete mbili, kila moja nikaipasua katikati. Nimeyafunga kwa ribiti. Yametokeza kila upande kama masikio ya tembo. Mazuri mno!

Jioni mama akaniuliza kama nimeliona pipa lake la maji. Nikajibu kwamba zima sijaliona tangu asubuhi. Akatoka uani, akayatazama madigadi, akanikabidhi ndoo. Bora angepiga kelele. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Maji ya nyumba hii nitayachota kwa ndoo mpaka nitakapooa.

Jumamosi, 8 Juni
Majirani walijaa nje. Mjomba akashika usukani, injini ikakubali mara ya tatu. Gari likasogea, likafika langoni, likakwama. Digadi nguzo hii, digadi nguzo ile. Gari nililipima. Lango sikulipima!

Binamu akapaza sauti kwamba Sufuria imenasa jikoni. Ng'ambo ya barabara mnunuzi wa vyuma chakavu akaanza kukunjua kamba. Mjomba alikuwa anaupapasa tu usukani. Nikatamani ardhi inimeze.

Hapo binti wa seremala akaja na futi. Akapima, akasema tumezidi vidole vinne, sasa kwa nini tusiyang'oe madigadi, gari lipite, tuyarudishe nje? Akaniuliza nilikuwa napimia nini. Nikatoa rula. Akauma mdomo ili asicheke. Alicheka.

Tukang'oa ribiti, gari likapita. Shangwe! Mjomba alipiga honi mpaka ikakauka. Nje nikayarudisha madigadi, safari hii kwa bolti, nikazigonga ncha zote zisifunguke milele. Shuleni tumepata nafasi ya pili. Mashine ya kutotolea vifaranga imetushinda. Haidhuru. Mnunuzi alikunja kamba yake akaenda.

Jumapili, 9 Juni
Gari halirudi uani. Bolti hazitoki. Mjomba amelala ndani yake kulilinda, na ameamka na shingo ya upande. Anasema hata hivyo kiti si kibaya.

Binti wa seremala ameniachia futi, iwe yangu kabisa, wala sikuomba! Nimeifunga kwenye karatasi na kuiweka sandukuni isichubuke.

Mama amenunua pipa jipya. Jekundu, kubwa kuliko lile. Na fundi matairi amepata magurudumu ya lori, manne, karibu mapya. Nimechukua rula yangu, nikaenda kuyapima.