Piano Mpya ya Kisauni

Gershom alipopita kwa baiskeli karibu na kanisa la Kisauni na kusikia piano ikikohoa ndani, alishuka, akafunga vifungo vya koti, na papo hapo akawa fundi wa piano.

Ilikuwa ile piano kubwa ya miguu mitatu. Mzungu wa shamba la mkonge aliiacha vita vilipokwisha. Sasa wazee wa kanisa walibishana: itengenezwe, au inunuliwe mpya?

"Shikamoo, mama," Gershom alimwambia Mama Kanze, mpigaji wa piano hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Itapona?"

Gershom alilaza sikio juu ya kifuniko, akafumba macho kama daktari. "Ilikufa lini?"

"Jana niliipiga."

"Basi ulimpiga marehemu."

Mzee Mwarandu, mweka hazina, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Gershom akajua huyu amekwisha kunaswa. Akaeleza kwamba mchwa wameila yote ndani, kwamba kuitengeneza ni kumshonea maiti suti, na kwamba yeye ana mpya, imo melini inakuja. Huu mzoga atauondoa bure. Watalipa mpya ikifika.

Mchwa hawakuwamo. Gershom aliipeleka piano Changamwe kwa fundi wa kweli, naye fundi wa kweli hutaka fedha za kweli. Gershom akauza baiskeli, kisha saa, kisha kitanda. Piano ikatiwa nyuzi mpya, ikasuguliwa meno ya kupigia, ikapakwa rangi nyeusi ya kujitazamia uso. Gershom alilala sakafuni akichagua kichwani kitanda kikubwa zaidi cha kununua kwa fedha za kanisa.

Akaileta kama mpya Jumapili ya mavuno, siku ambayo Kisauni nzima huja na mikono imejaa. Kila kinachopelekwa mbele siku hiyo huombewa, na kilichoombewa hakirudi kwa mwenyewe. Hilo Gershom alilijua, ila alidhani linawahusu kuku na mihogo. Piano ikaingia kwa vigelegele, ikawekwa mbele, kando ya mbuzi.

Mama Kanze akaketi. Bila kutazama, akapeleka mkono chini ya meno ya piano, akatundika kifuko chake cha miwani.

Kikashika. Kilishika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe, zamani, kwenye ule mzoga.

Akaupapasa tena, polepole, kama anayemtambua jamaa gizani. Gershom akasogea karibu.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "meli yenu ilipitia wapi?"

"Mama, tuzungumze nje."

"Nje pana askari. Hapa pana Mungu. Chagua."

Gershom akainamisha kichwa. Mama Kanze akasimama. "Ndugu zangu, fundi wetu ameguswa moyo. Hii piano ni sadaka yake ya mavuno."

Mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya piano, wa pili juu ya Gershom, akaomba kwa kirefu sana.

Baadaye Mzee Mwarandu alimkumbatia mlangoni. "Mbona unakwenda kwa miguu, fundi? Baiskeli iko wapi?"

Gershom akaonyesha mbele kwa kidevu. "Imo mle ndani ya piano."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka tena. Lakini hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo Gershom alilisema Kisauni.